Tulivyopata kibali cha kuuza bia kwenye harambee yetu Uingereza, siku zikiwa zimebana

Ukumbi wa kwanza ulikuwa na leseni yake ya vileo, kwa hiyo suala la bia halikutuhusu. Jumatatu ya tarehe 27 Novemba 2023 tukapigiwa simu: bomba limepasuka, sakafu imejaa maji, tutafute pengine. Sherehe yetu ya Uhuru, tuliyoiunganisha na harambee ya madawati ya shule moja ya msingi nyumbani Tanzania, ilikuwa Jumamosi ya tarehe 9 Disemba na tiketi zilikwishauzwa. Kwa bahati tulipata ukumbi wa jumuiya unaochukua watu 180, wenye jiko kubwa na maegesho, ila hauna leseni ya vileo.

Hapa England, mtu asiye na leseni akitaka kuuza vileo kwenye shughuli ya mara moja, anapeleka kwa halmashauri ya eneo hilo notisi inayoitwa Temporary Event Notice. Wenye kumbi huiita TEN tu. Ada yake ni paundi 21. Shughuli isizidi saa 168, na watu wasizidi 499 kwa wakati mmoja, wakiwemo wapishi, DJ na wanaopanga viti. Kwa kweli huombi ruhusa, unatoa taarifa. Polisi na idara ya afya ya mazingira wasipopinga, unaendelea na shughuli yako.

Kilichotubana ni siku. Notisi ya kawaida lazima iwafikie siku 10 kamili za kazi kabla, bila kuhesabu siku inayopokelewa wala siku yenyewe ya shughuli. Kwetu sisi mwisho ulikuwa Ijumaa ya tarehe 24 Novemba, na bomba lilipasuka baada ya hapo. Ipo notisi ya kuchelewa, inayopelekwa kati ya siku 9 na 5 za kazi kabla. Hiyo tulikuwa nayo hadi Ijumaa ya tarehe 1 Disemba.

Ada ni ileile, fomu ni ileile, lakini naomba kila anayepanga shughuli aelewe tofauti yake. Kwenye notisi ya kawaida, polisi wakipinga mnaweza kukaa pamoja, mkapunguza saa au mkabadilisha mpango, na mkishindwana kinaitishwa kikao mkasikilizwe. Kwenye notisi ya kuchelewa hakuna kikao wala marekebisho. Polisi wakipinga, au watu wa mazingira wakipinga, halmashauri inakuandikia hati ya kuzuia na bia imeishia hapo.

Kwenye kamati yalitoka mawazo ya njia ya mkato. Kaka mmoja akasema tusiuze, tuweke sanduku la michango pale kaunta, mtu atumbukize paundi 4 achukue bia yake. Dada mwingine akapendekeza bia ya kwanza iwe ya bure, ndani ya bei ya tiketi. Yote mawili yanahesabika kuwa ni kuuza, maana bila kutoa pesa hupati chupa. Mzee wetu wa kamati, ambaye ameendesha shughuli nyingi hapa, akamaliza ubishi: "Mwanangu, jina litakaloandikwa pale ni lako. Wakija, watakuuliza wewe." Kuuza bila kibali kunaweza kukuletea faini isiyo na kikomo, au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili.

Basi kabla sijajaza fomu nikapiga simu polisi, kitengo cha leseni. Ofisa aliyepokea alikuwa mpole kuliko nilivyotarajia. Aliuliza tiketi zinauzwaje, kama kutakuwa na watoto, nani atakaa mlangoni, na nani atakataa kumuuzia mtu aliyekwisha kulewa. Nikamwambia tiketi hazitauzwa mlangoni, na kaunta itafuata utaratibu wa Challenge 25, yaani yeyote anayeonekana ana chini ya miaka 25 aonyeshe kitambulisho, kwa sababu kumuuzia aliye chini ya miaka 18 ni kosa.

Watu wa mazingira wasiwasi wao ulikuwa kelele. Yule bwana aliuliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria katika sherehe zote nilizowahi kuandaa: spika zitaelekea wapi? Jioni ile nikaenda ukumbini na DJ wetu. Akafungulia muziki kwa sauti ya shughuli, mimi nikatoka nje nikasimama nyuma ya jengo, kwenye kinjia kinachopakana na nyua za majirani. Besi ilikuwa inatikisa bati la banda la takataka. Tukahamishia spika ukuta wa pili, zikaelekea maegesho, mlango wa nyuma tukaufunga, nikarudi kinjiani kusikiliza. Hapo nilisikia sauti tu, bila mtikisiko. Nikamwandikia yule bwana hivyo hivyo, nikaongeza kwamba kaunta itafungwa saa tano na nusu usiku na muziki utazimwa saa sita, badala ya saa saba tuliyokuwa tunaitaka. Majirani nao tuliwatumbukizia barua fupi yenye namba yangu ya simu.

Fomu yenyewe haina ugumu. Wanataka jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya bima ya taifa, anwani ya ukumbi, idadi ya watu, saa za kuanza na kumaliza, na kama vinywaji vitanywewa humo humo au vitachukuliwa. Angalieni sehemu ya chakula cha usiku. Sisi tulipanga kuuza supu ya mbuzi kabla watu hawajaondoka, na chakula cha moto kinachouzwa baada ya saa tano usiku nacho kinahitaji kibali. Nikaweka alama na hapo. Kwa kuwa nilijaza kwenye mtandao, halmashauri yenyewe ilipeleka nakala kwa polisi na kwa watu wa mazingira. Ukipeleka karatasi, kazi hiyo ni yako.

Niliituma Jumatano. Wana siku 3 za kazi za kupinga, kwa hiyo kwetu ziliisha Jumatatu ya tarehe 4. Haikuja hati ya kuzuia, na ndipo tulipoagiza vinywaji.

Kaunta tuliiweka kwenye chumba cha pembeni. Wageni wetu wengi ni Waislamu, wametoka Zanzibar, Tanga na Mombasa, na walikuja na watoto. Sikutaka mtu apite katikati ya kreti za bia ndipo afikie pilau. Nakala ya notisi tuliibandika ukutani juu ya kaunta, maana sheria inataka ionekane au iwe mikononi mwa mtu mliyemteua. Askari wawili walipita mapema usiku, wakaisoma, wakauliza tunafunga saa ngapi, wakaondoka.

Asiye na leseni binafsi, yaani leseni ya kuuza vileo anayopewa mtu na si ukumbi, anaruhusiwa notisi 5 kwa mwaka, na katika hizo za kuchelewa ni 2 tu. Mwenye leseni binafsi anaruhusiwa 50, na 10 za kuchelewa. Kamati imekubali kumlipia dada mmoja kozi na mtihani, pamoja na ada ya paundi 37 ya kuombea leseni hiyo.