Jinsi nilivyopanga safari fupi ya Andalusia pamoja na mama

Mama yangu alipokuja kunitembelea Ujerumani kutoka Lamu, jambo alilolitaka zaidi lilikuwa kuiona Alhambra, ngome yenye majumba ya masultani mjini Granada, ambayo habari zake alizisikia tangu utotoni katika masimulizi ya Waislamu wa Andalusi. Likizo yangu kazini ilikuwa ndogo, haikuzidi wikendi ndefu, na magoti yake hayaelewani na ngazi. Nililazimika kuipanga safari kwa kufuata mambo hayo mawili kabla ya kutazama kitu kingine chochote, na ninaandika hapa namna nilivyofanya kwa ajili ya mtu atakayetaka kumpeleka mzazi au mtu mzima mwingine kusini mwa Uhispania kwa siku chache.

Nilianza na karatasi. Mimi nina kibali cha ukaazi cha Ujerumani, nacho kinaniruhusu kuingia Uhispania kwa matembezi mafupi bila viza nyingine. Mama aliomba viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa Wajerumani, kwa sababu taratibu zinataka mwombaji aende kwa nchi atakayokaa muda mrefu zaidi. Lakini viza hiyo ikishatolewa humruhusu mwenye nayo kuzunguka katika nchi zote za eneo hilo, mradi asizidishe siku alizoandikiwa. Bima yake ya matibabu, ambayo kwa viza hiyo haipaswi kuwa na kinga iliyo chini ya euro 30,000, ilikuwa inatambulika Uhispania pia, hivyo hatukununua nyingine. Pasipoti tulizibeba mkononi, ingawa ndege za ndani ya Schengen kwa kawaida hazina dirisha la uhamiaji, kwa kuwa hoteli za Uhispania zinatakiwa na sheria kumwandikisha kila mgeni. Anayeondokea Kenya au Tanzania akiwa na nia ya kwenda Uhispania peke yake ataomba viza ya Uhispania yenyewe, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake; kwa maoni yangu, asiyeomba mapema anacheza na bahati.

Baada ya hapo, watu wengi hununua tiketi ya ndege. Mimi nilinunua kwanza tiketi ya Alhambra, kisha ndege ikaifuata. Sababu ni kwamba ngome hiyo hupokea zaidi ya wageni milioni 2 kwa mwaka, na idadi ya wanaoruhusiwa kuingia katika majumba ya masultani wa Kinasri, ukoo wa Kiislamu uliotawala Granada, ambayo ndiyo moyo wa mahali pote, ina kikomo kwa kila nusu saa. Tiketi huandikwa jina na namba ya pasipoti ya kila mgeni, na saa ya kuingia katika majumba hayo imechapishwa juu yake. Ukichelewa, huna pa kulalamikia. Zipo pia tiketi za bustani na ngome ya kijeshi tu, zisizoingia katika majumba, na mtu asiyesoma kwa makini anaweza kuinunua hiyo akidhani amepata kila kitu. Nilichagua tiketi kamili ya mchana, ya kuingia majumbani saa nne asubuhi, ili mama asilazimike kuamka kwa haraka wala kutembea wakati umati umejaa. Niliinunua kwenye tovuti rasmi, kwa kuwa wachuuzi wa mtandaoni huuza kiingilio kilekile kwa bei ya juu baada ya kukifunga pamoja na ziara ya kuongozwa ambayo huenda huitaki.

Suala la miji lilihitaji uamuzi mgumu zaidi. Karibu kila mtu niliyemuuliza aliniambia kwamba kwenda Andalusia bila kuiona Sevilla ni sawa na kutokwenda, nami sina ubishi juu ya uzuri wake: mnara wa Giralda, uliojengwa na Wamuwahidi, watawala Waislamu kutoka Moroko, mwishoni mwa karne ya 12, hupandwa kwa njia za mteremko badala ya ngazi, jambo ambalo lingemfaa mama kuliko mtu yeyote. Hata hivyo niliipima ramani. Uwanja wa ndege wenye safari nyingi na za bei nafuu kutoka Ujerumani ni wa Málaga. Kutoka huko basi hufika Granada kwa muda usiozidi saa mbili hivi, na baadhi ya mabasi huondokea uwanjani hapohapo. Treni ya kasi kutoka Granada hadi Córdoba huchukua kama saa moja na nusu, na kutoka Córdoba kurudi Málaga ni karibu saa moja. Hiyo ni pembetatu inayojifunga yenyewe. Kuiongeza Sevilla kungemaanisha kufungua na kufunga masanduku kila siku, na kumburuta mama vituoni saa ambazo angekuwa ameketi chini ya mchungwa. Nilipomweleza, alinijibu, “Mwanangu, mimi sikuja kuhesabu miji.” Shauri likaisha.

Wakati niliouchagua ni katikati ya Novemba. Majira ya joto sikuyafikiria hata kidogo, kwani bonde la mto Guadalquivir ni miongoni mwa sehemu zenye joto kali zaidi Ulaya. Mwezi Agosti 2021, katika mji wa La Rambla, mkoani Córdoba, kipimajoto kilifika nyuzi 47.6. Wiki ya Pasaka na mwezi Mei, ambapo Córdoba hufungua nyua zake zilizojaa maua, ni nyakati nzuri, lakini vyumba vya hoteli hupanda bei na njia hujaa watu. Novemba bei zimeshuka, jua bado lipo, na mtu wa pwani anahitaji koti jepesi mchana na sweta ya kweli usiku, hasa Granada, iliyoko juu ya mita 700 kutoka usawa wa bahari chini ya milima ya Sierra Nevada. Kuna jambo moja dogo lililotusaidia katika ratiba ya sala: Uhispania inatumia saa moja na Ujerumani ingawa iko mbali sana upande wa magharibi, kwa hiyo jua lilikuwa likichomoza karibu saa mbili kasorobo, na kuamka kwa alfajiri hakukuwa kazi.

Granada nilitafuta hoteli yenye lifti iliyo karibu na Plaza Nueva, wala si kule juu Albaicín, ingawa picha za huko zinavutia zaidi. Mtaa huo wa kale umejengwa mlimani, vijia vyake vimesakafiwa kwa mawe madogo ya mtoni, na sanduku la magurudumu huko ni mateso. Mabasi madogo mekundu ndiyo yaliyotuokoa: la C30 hupanda Alhambra, la C31 huzunguka Albaicín, na nauli yake ni ndogo. Mwenye tiketi mkononi halazimiki kuanzia kwenye banda la tiketi, lililo mbali na majumba kwa mwendo wa zaidi ya robo saa. Anaweza kuingia kwa Puerta de la Justicia, lango lililojengwa na Sultani Yusuf I mwaka 1348, ambalo lina kiganja cha mkono kilichochongwa juu ya tao la nje na ufunguo juu ya tao la ndani. Tuliingia kwa lango hilo mapema, tukapumzika kwenye ukuta mbele ya kasri ya Carlos V, mfalme wa Uhispania, na saa yetu ilipofika tukawa hatua chache tu kutoka mlangoni.

Nilikuwa nimepakua maelezo ya kumsomea mama chumba kwa chumba, na sikuyatumia sana. Yeye alisoma Kurani madrasa tangu mdogo, herufi za Kiarabu hazimpi shida, na kuta za Alhambra zimeandikwa kuanzia juu ya vigae hadi darini. Maneno “Wa la ghaliba illa Allah”, yaani hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, ambayo yalikuwa kaulimbiu ya ukoo ule, yamerudiwa mara zisizohesabika, na mama alikuwa akiyatafuta kwa kidole hewani, akiyapata hata pale ambapo mapambo yameyameza. Kwenye njia ya kuingilia ukumbi wa Comares alisimama muda mrefu zaidi. Pembeni mwa tao, kila upande, kuna shubaka dogo lililochongwa katika marumaru, ambamo zamani uliwekwa mtungi wa maji, na beti zimeandikwa kulizunguka. Mama amezaliwa katika nyumba ya mawe yenye zidaka za chokaa ukutani, akaanza kunieleza jinsi fundi anavyokata chokaa kabla haijakauka, hadi mlinzi akatuomba kwa adabu tusogee, maana nyuma yetu watu walikuwa wameanza kusimama. Uwanja wa Simba, wenye simba wake 12 na shairi la Ibn Zamrak kuzunguka beseni la chemchemi, tulifika umeshajaa watu wa simu juu, tukaupita polepole. Bustani za Generalife tuliziacha kwa mwisho, kwa kuwa zina viti na hazina saa iliyopangwa.

Adhuhuri ya siku ile tuliisali katika msikiti mkuu wa Granada, uliofunguliwa mwaka 2003 juu Albaicín, karibu na uwanja wa San Nicolás. Bustani yake inaitazama Alhambra moja kwa moja ng'ambo ya bonde, na kwa maoni yangu ni mahali bora zaidi kuliko uwanja wenyewe, ambako wapiga magitaa na watalii hugombania ukuta mmoja.

Chakula nilikipanga kwa uangalifu kuliko nilivyopanga hoteli. Nyama ya nguruwe iko kila mahali, hata pale usipoitarajia: salmorejo, supu nzito baridi ya nyanya na mkate ambayo ni fahari ya Córdoba, huletwa ikiwa imenyunyiziwa vipande vya nyama hiyo na yai, dengu hupikwa na soseji, na biskuti za mantecados hutengenezwa kwa mafuta ya mnyama huyohuyo. Granada ina desturi ya kumletea mteja kisahani cha chakula bure kila anapoagiza kinywaji, nacho huja bila kuulizwa, kwa hiyo inafaa kusema “sin cerdo”, yaani bila nguruwe, kabla ya kuagiza hata soda. Tuliishi kwa samaki wa kukaanga, bilinganya za kukaanga zilizomiminiwa asali ya miwa, na mchicha uliopikwa na dengu kubwa za njano. Nyama ya halali tuliipata katika mtaa wa Calderería Nueva na vichochoro vyake, wenye nyumba za chai za Kimoroko. Saa za kula nazo ni za kwao: jiko la mchana hufunguliwa karibu saa nane, la usiku mara nyingi baada ya saa mbili na nusu, na katikati maduka madogo mengi hufungwa. Mama hakuona ajabu, kwani amezoea kula baada ya isha, lakini nilibeba tende na matunda kwa ajili ya alasiri.

Treni ya kwenda Córdoba tuliiwahi kituoni nusu saa kabla, kwa sababu mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi na mlango wa jukwaa hufungwa dakika chache kabla ya kuondoka. Tiketi nilizinunua wiki kadhaa nyuma, bei ikiwa bado chini.

Córdoba ina jambo moja ambalo nilimweleza mama tangu tukiwa nyumbani, nisingetaka alikute mlangoni. Msikiti mkuu, ulioanzwa na mtawala Abd al-Rahman I karibu mwaka 785, ni kanisa kuu tangu mji ulipotekwa na Wakristo mwaka 1236, na Waislamu hawaruhusiwi kusali ndani yake. Walinzi humwendea anayeonyesha dalili ya kurukuu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema tutaingia kama wageni. Tuliingia asubuhi ya siku ya kazi, kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na nusu, wakati ambapo kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi mtu binafsi haulizwi kiingilio na makundi ya watalii hayajafika. Ndani kuna nguzo zaidi ya 850, nyingi zikiwa zimetolewa katika majengo ya kale ya Warumi na Wavisigothi, waliotawala huko kabla ya Waislamu, na kwa kuwa hazikutosha urefu, mafundi waliweka matao juu ya matao, mekundu na meupe. Kanisa lililopachikwa katikati kuanzia mwaka 1523 linaukata msitu huo wa nguzo bila huruma, na hapa natoa rai yangu mwenyewe: mbele ya mihrabu ya Khalifa al-Hakam II, yenye vigae vidogo vya dhahabu vya karne ya 10, mtu husahau kwamba kanisa lipo. Mama alitoa simu yake, akafungua dira ya kibla, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mihrabu ile imeelekea kusini mno. Ni kweli, na wanahistoria wameshughulika sana kueleza sababu.

Magofu ya Madinat al-Zahra, kilomita chache nje ya mji, tuliyaacha kwa ajili ya magoti. Usiku wa mwisho tulilala Málaga, ambako sikupanga chochote zaidi ya samaki na matembezi bandarini. Treni ya C1 hufika uwanja wa ndege kutoka katikati ya mji kwa muda usiofika robo saa, kwa hiyo teksi haikuhitajika. Njiani kutoka Granada mama alikuwa ametazama milima iliyopandwa mizeituni kwa safu hadi macho yakachoka, akataka kurudi na mafuta yake Lamu. Kwa vile tulikuwa na mizigo ya mkononi pekee, ambayo hairuhusu chupa yenye zaidi ya mililita 100, nilimshauri asinunue mjini, tukayanunua kwenye duka lililo baada ya ukaguzi wa usalama. Bei ilikuwa juu kuliko ya mjini, naye alilisema hilo hadi ndege ikapaa.