Sehemu Yake Katika Damu Yangu

Bombo, Uganda, Jumapili usiku

Niko kwa mama tangu Ijumaa. Mimba imeingia wiki ya 13, nami nina miaka 39, ndiyo maana daktari alinishauri nipime ile damu inayosafirishwa nje ya nchi, waangalie kama mtoto ana kromosomu, yaani kifurushi cha DNA, iliyozidi. Nilisubiri siku kumi na moja. Majibu yaliyorudi ni kwamba hakuna majibu: DNA ya mtoto iliyoonekana katika damu yangu ni asilimia 3.1, na ikiwa chini ya 4 maabara haisemi kitu. Nesi alinipa karatasi dirishani, akasema, "Utarudia," akamwita anayefuata. Nilikaa pale kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi.

Mama aliposikia aliuliza, "Damu yako, mtoto wako. Sasa wamekosa nini humo?"

Alikuwa anasuka tabaga, kawa la kufunikia chakula, nyuzi za rangi zimetapakaa mkekani, nikaziazima. Nikamwambia: mtoto akiwa tumboni, vipande vya DNA hutoka kwenye kondo la nyuma vikaingia katika damu ya mama. Mtafiti Dennis Lo na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1997. Vyangu na vyake vimechanganyika, na mashine husoma mamilioni ya vipande na kuhesabu kila kimoja kimetoka kromosomu ipi. Mtoto mwenye hali ya Down (Down syndrome) ana kromosomu 21 tatu badala ya mbili, hivyo vipande vya 21 huzidi. Lakini huzidi kidogo mno. Vyake vikiwa asilimia 10 ya vyote, ziada ni asilimia 5. Vikiwa asilimia 4, ziada ni 2.

Mama akaokota uzi mwekundu. "Yaani palipotakiwa nyuzi mia nyekundu, nakuta mia na mbili."

"Ndivyo, mama. Na hizo mbili za ziada hutegemea sehemu ya mtoto humo ni kubwa kiasi gani."

Kwa hiyo kabla ya yote lazima ijulikane sehemu ya mtoto ni kiasi gani. Akiwa wa kiume ni rahisi, kromosomu Y humtambulisha kwa kuwa mama hana. Akiwa wa kike hakuna alama hiyo, na hapo ndipo huletwa kompyuta iliyojifunza kwa mifano ya wajawazito wengi. Hutazama urefu wa vipande, kwa maana vya mtoto huwa vifupi, vingi karibu herufi 143 za DNA, na vya mama karibu 166. Hutazama pia namna vinavyotawanyika kwenye jenomu, yaani DNA yote. Kisha hukadiria. Wangu bado sijui ni yupi, na usiku huu nimejikuta namwita binti.

Kinachonikosesha usingizi ni swali la damu ya nani ilitumika kuifunza. Hazina nyingi za data za vinasaba duniani zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, ilhali Afrika ndiko tofauti za vinasaba zilipo nyingi kuliko kokote. Sisemi inatukosea. Nataka anayeuza kipimo hiki Kampala atuonyeshe kilivyofanya kazi kwa wanawake wa huku, kabla hajatuandikia usahihi wa asilimia 99 kwenye bango.

Na hiyo 99 yenyewe hueleweka vibaya. Mwanamke wa miaka 25 akiambiwa hatari ni kubwa, huenda nusu tu ya wanaoambiwa hivyo ndio wenye mtoto wa Down kweli, kwa sababu katika umri huo ni wachache tangu mwanzo. Kwa mwenye miaka 40 hufika karibu tisa kwa kumi. Kipimo ni kilekile. Ndiyo maana karatasi hii inahitaji mtu wa kukaa nawe na kukueleza, na kuthibitisha kwa kipimo cha maji ya uzazi, yale yanayomzunguka mtoto tumboni, kuanzia wiki ya 15.

Nimesoma pia kwamba kukosa majibu hutokea zaidi katika baadhi ya mimba zenye kasoro, hasa zenye kromosomu 13 au 18 iliyozidi. Hilo sikumwambia mama.

Nilimfikiria kaka yangu, aliyekufa kwa sikoseli (selimundu) akiwa na miaka tisa. Uchunguzi wa 2014 na 2015 uliwapima watoto wa Uganda nchi nzima, ukakuta asilimia 13.3 wanabeba kinasaba cha ugonjwa huo bila kuugua. Kumjua mbebaji hakuhitaji kompyuta iliyofunzwa chochote, ni kipimo cha damu cha baba na mama. Wazazi wangu hawakuambiwa kamwe. Nilipoanza kutaka mtoto nilimpima mume wangu kabla ya lolote, na hakuchukia.

Kesho natoa damu tena. Wiki zikisonga, sehemu ya mtoto huongezeka. Nitafanya na skani ya kupima maji nyuma ya shingo ya mtoto, kwani baada ya wiki ya 14 muda wake umekwisha. Mama amesema tunakwenda wote Kampala. Ameshakusanya nyuzi, nyekundu akaziweka kando, na amelala karibu na mlango asije akapitiwa.