Ahesabu Pumzi Kwanza

Ukiniuliza nesi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, ajue nini kabla ya yote, nitakujibu ajue kuhesabu pumzi. Dakika nzima, saa mkononi, macho kifuani kwa mgonjwa, na asimwambie kwamba anahesabiwa, maana mtu akijua tu anabadilisha mwendo. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akifika 25 na bado anapanda, kuna kitu mwili unapambana nacho, hata kama presha ni nzuri na yeye mwenyewe anakujibu "sijambo, sista". Presha mara nyingi huja kushuka mwishoni, mwili ukishachoka kujitetea.

Ndiyo maana naumia nikishika chati ambayo kila kitanda kimeandikwa 20, asubuhi 20, jioni 20. Hiyo 20 haikuhesabiwa na mtu, na mgonjwa anayezidiwa anapotelea humo humo.

Usiku wa kuamkia leo binti mmoja, nesi mgeni kwenye wodi yetu, alinifuata akaniambia, "Dada, yule mama simpendi anavyopumua." Nikatazama chati yake: 22, kisha 26, kisha 31. Oksijeni 95. Monita haikulia hata mara moja. Tukasimama miguuni pa kitanda tukamwangalia: pumzi ndefu, nzito, za kuvuta kutoka chini, na mdomoni harufu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Binti akamtoboa kidole kupima sukari, na kimashine hakikutoa namba, kiliandika HI, yaani sukari imepita uwezo wake wa kusoma. Mapafu ya yule mama yalikuwa mazima kabisa. Alikuwa anapumua hivyo ili kutoa asidi iliyojaa kwenye damu kwa sababu ya kisukari. Daktari akaitwa, dripu za chumvi zikaanza kukimbia, damu ikachukuliwa kupima potasiamu kabla ya insulini, kwa sababu insulini huisukuma potasiamu iingie kwenye seli, na ikiwa ilishakuwa chini, moyo unaweza kusimama. Nilimwambia yule binti aliyoyafanya ndiyo unesi wenyewe. Narudia hapa ili asome.

Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu nakiheshimu, lakini huku kwetu lazima ujue udhaifu wake. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata mtu mwenye afya kinaweza kumsomea chini kidogo kuliko ndugu yake aliyeko Dar es Salaam. Halafu kuna baridi. Mwezi wa sita na wa saba mgonjwa analetwa kutoka Uyole au Tukuyu vidole vimekuwa barafu, damu haifiki vizuri kwenye ncha, kibanio kinatoa namba ya ajabu au kinakataa kabisa. Pasha mkono moto kwanza, au hamia kwenye ndewe ya sikio. Piko na rangi ya kucha navyo huzuia mwanga wake. Na sisi wenye ngozi nyeusi kinaweza kutusomea juu kuliko ukweli: utafiti uliotoka Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichwa na kipimo hiki ulitokea karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo 92 ya mtu anayehema juu juu mimi siipokei kwa utulivu.

Ila kinachonikosesha usingizi msimu huu ni jiko la mkaa. Baridi ikikaza, watu wanaingiza jiko chumbani, wanafunga dirisha, wanaziba na upenyo wa chini ya mlango kwa kitenge, wanalala. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, nayo hushikana na himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inabaki nyekundu nzuri. Kibanio cha kidoleni kinaiona ile rangi nyekundu na kuandika 98 au 99, wakati ubongo unakufa njaa ya oksijeni. Hapa ukifuata namba umempoteza mgonjwa. Anapewa oksijeni nyingi mara moja, kwa barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika, hata kama monita inasema hahitaji. Akiachwa na hewa ya kawaida, sumu hupungua nusu kwa saa nne hadi tano. Kwa oksijeni tupu, ni saa moja au moja na nusu hivi. Mjamzito tunamwangalia zaidi, maana mtoto tumboni huumia kuliko mama.

Hayo mengine ya kila zamu, mkojo kila saa, kichwa cha kitanda kuinuliwa, kugeuza mgonjwa, kumsafisha kinywa, nitayaandikia siku nyingine.

Kwa ndugu wanaosoma: mkimkuta mtu ndani ya chumba chenye jiko, hasemi au anaongea hovyo, fungueni milango na mumtoe nje kwanza, nanyi msikawie humo. Msimnyweshe maziwa. Najua yanapendwa kwa kila sumu, lakini hii imeingia kwa hewa, haiko tumboni, na mtu asiye na fahamu maziwa yatamwingia kwenye mapafu. Mlazeni ubavu, mleteni haraka, na wale wengine waliolala chumba hicho nao waje, hata wanaolalamika kichwa tu. Mkifika mapokezi, kabla hamjataja jina lake, semeni kulikuwa na jiko la mkaa.