Nilivyozificha Nyaya za TV Ndani ya Ukuta wa Mawe

Video zote za kuficha nyaya za TV zinaanza namna moja. Mzungu anagonga ukuta kwa kidole, ukuta unaitika utupu, anakata tundu mbili kwa kimsumeno, moja nyuma ya TV na nyingine karibu na sakafu, anadondosha waya, kwisha. Ukuta wake ni mbao na bodi za jasi, katikati hewa tupu. Sasa njoo ugonge wangu hapa Tudor, Mombasa. Ni jiwe la matumbawe la inchi sita, halina uwazi hata wa kupitisha pumzi, plasta huku na huku. Utaumia kidole na ukuta usijue kama kuna mtu aliyebisha. Waya ukitaka upite humo ndani, lazima uuchongee njia yake.

Nikaanza kuulizia, na hapo ndipo nilipogundua kwamba Mombasa nzima ni mafundi ila mimi. Shemeji yangu alinijibu kabla sijamaliza swali. "Chonga mfereji kidole kimoja, laza waya, piga plasta, piga rangi, habari imekwisha." Kwake ndivyo alivyofanya, na kwa nje palipendeza kweli. Alichokificha ni kwamba ule waya wa HDMI, wa kupeleka picha na sauti kwenye TV, uliacha kupitisha picha, na mpaka leo maiti yake imo ukutani, na waya mpya unaning'inia nje juu ya kaburi. Waya uliolazwa kwenye plasta huwezi kuuvuta wala kuubadilisha. Hata usipokufa, utapitwa: TV za leo za 4K zinataka waya wa kubeba gigabiti 18 kwa sekunde, na kesho zitataka zaidi. Kinachozikwa ukutani ni paipu. Waya ni mgeni ndani ya paipu, anaingia na kutoka.

Hilo fundi wa kwanza alilikubali, tena kwa kichwa na mikono. Akaja na paipu ya stima ya kawaida, ya milimita 20, na kona mbili. Nikamletea waya wa HDMI, nikamwambia apime kwanza kabla hajagusa ukuta. Kichwa cha HDMI peke yake kina upana wa kama milimita 20, na paipu hiyo ni 20 kwa nje, ndani ni chini ya hapo. Akakizungusha, akakilaza, akakisimamisha, akakipuliza vumbi kana kwamba ndilo lililozuia. Halafu akanitazama kwa huruma. "Mzee, kwani hiki kichwa ni lazima? Tunakikata, tunapitisha waya, tunauunga upande wa pili kwa tepu."

Kichwa kile kina pini 19, na nyuzi zake ndani ni nyembamba kiasi kwamba ukikohoa zinapeperuka. Aunge kwa tepu! Nilimpa maji baridi na nauli ya tuktuk, tukaagana kwa wema.

Nilinunua paipu ya milimita 32, ile ya maji machafu, kwenye hadiwea moja Mwembe Tayari, mia tatu na kitu, na kichwa kikapita kwa raha zake. Tena nikaamua hakuna kona: kabati iko chini ya TV, kwa hivyo mfereji ni mmoja, wima, kutoka nyuma ya TV hadi nyuma ya kabati. Mfereji wa wima kwenye ukuta usizidi theluthi ya unene. Inchi sita ni kama milimita 150, basi una milimita 50 za kuchezea, na paipu ya 32 inakaa na plasta nzuri juu yake. Ukichonga kwa mlalo unatakiwa usizidi sudusi, yaani 25, na hapo paipu hiyo haiingii. Anayekuchongea mfereji wa mlalo kutoka pembe hii ya chumba hadi ile anaukata ukuta wako kiuno, na bado atataka umlipe.

Kuchonga kwenyewe si hadithi. Unazima meni swichi. Unatazama soketi na swichi ziko wapi, kwa kuwa waya za stima aghalabu hupanda au kushuka wima kutoka hapo, na wewe hutaki kukutana nazo. Unapiga mistari miwili kwa grainda (ambayo hapo itakula stima ya mahali pengine, mimi niliivuta kwa jirani) kisha unatoa nyama ya katikati kwa patasi. Loweka ukuta kwanza na ufunge mdomo na pua. Vumbi la matumbawe ni jeupe na halina adabu: nilifunika makochi kwa leso na mashuka, nikaziba mlango kwa taulo, na bado mama watoto alilikuta ndani ya kopo la iliki. Jikoni. Ghorofa ya chini. Katika jiwe nilikuta kombe dogo zima, limekaa humo tangu jiwe lilipokuwa mwamba baharini. Binti yangu alilichukua.

Stima ya TV sikuipitisha kwenye paipu hiyo. Waya laini unaotoka na TV haukutengenezwa kuzikwa ukutani, na ukiulaza ubavuni mwa nyaya za picha unaomba matatizo mawili kwa pamoja. Nilichonga mfereji wa pili, mwembamba, umbali wa shubiri, nikaweka paipu ya 20, nikamwita fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, akavuta nyaya tatu za milimita mraba 2.5 kutoka soketi ya chini na kunifungia soketi nyingine nyuma ya TV. Hapo sina ubahili. Volti 240 si za kujifunzia.

Kufikia hapo nilikuwa najiona bingwa. Kumbe mtihani ulikuwa ni waya wa dishi.

Dishi liko juu, kwenye sakafu ya paa. Nyumba hii aliijenga baba kabla ya 1990, zama ambazo Kenya nzima ilikuwa na chaneli moja ya TV, na fundi wake, Mungu amrehemu, aliacha paipu ya milimita 20 ndani ya zege kutoka paani hadi ukumbini kwa ajili ya antena. Paipu ya bure, imeshafichwa, kazi ya miaka ile! Waya wa dishi una unene wa kama milimita saba, na kichwa chake unakifunga baadaye, kwa hivyo 20 inautosha sana. Ndani mlikuwa na ule waya bapa wa antena wa zamani. Nikaufunga kamba chini, nikapanda juu kuuvuta. Ukaja dhiraa moja, ukaja ya pili, kisha nikaanguka chali. Ulikuwa umeoza. Kipande cha juu kikabaki mkononi, cha chini kikachomolewa ukumbini, na paipu ikabaki tupu kama ilivyozaliwa.

Fundi wa leseni akaleta springi yake ya chuma, ile ya kuvutia nyaya. Ikateremka vizuri, ikafika pale paipu inapolala ndani ya zege, ikagoma. Kona ni kali, si ile ya kupinda polepole. Akasukuma kutoka chini, ikagoma kona ya pili. Akasema tuchonge zege. Nikamwambia zege la baba halichongwi.

Jioni nikalisimulia barazani. Mzee mmoja pale, ambaye hakosi neno, akaweka kikombe cha kahawa chini. "Mwanangu, mfunge mende uzi. Mtie juu. Chini weka sukari. Mende haijui kona."

Watu wakacheka, lakini wanangu walikuwa wamesikia, na nyumba ya Mombasa haikosi mende. Walimkamata mmoja nyuma ya ndoo bafuni, mkubwa, wa kahawia, mwenye afya. Wakamfunga uzi wa cherehani kiunoni, wakapanda naye juu. Mende akaingia. Uzi ukaenda, ukaenda, watoto wakapiga kelele, mimi nipo chini na kisosi cha sukari nimekishikilia mdomoni mwa paipu, mtu mzima na ndevu zangu. Uzi ukasimama. Tukangoja. Baadaye nikasikia ukelele mwingine huko juu, si wa furaha: mende alikuwa amegeuza, amepanda na uzi wake mwenyewe, ametokea mkononi mwa kijana wangu. Wakajaribu mwingine, huyo akauvua uzi na kubaki humo humo. Mradi ulifungwa na mama watoto alipoelewa kwamba mende wanaingizwa nyumbani kwa makusudi. "Baba nanii, mimi nanunua dawa ya kuwaua, wewe unawalisha sukari?" Sikuwa na jawabu la maana.

Dawa ilikuwa ni hewa. Kwenye video mojawapo nilikuwa nimeona wanavuta kipande cha mfuko wa plastiki kwa mashine ya kufyonza vumbi. Mifuko hiyo kwetu ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hivyo nikakata sponji ya godoro kuukuu, kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kiingie kwenye paipu kwa kulegea kidogo. Mashine nikaiazima kwa binamu yangu anayeosha magari. Uzi je? Uzi wa cherehani unakatika, kamba ni nzito. Nikateremka Mkomani kwa wavuvi, nikarudi na mshipi wa nailoni, ule mwembamba wa kuvulia changu, umezungushwa kwenye kibao chake. Kama mia moja hivi, na maneno ya bure juu ya bei ya samaki.

Sponji ikafungwa mshipi, ikatiwa juu. Chini nikaufunga mdomo wa mashine kwenye paipu kwa kitambaa kilicholoa maji, maana hewa ikivuja pembeni hakuna kitu. Kijana wangu kashika kibao juu, simu sikioni. Nikawasha.

Mshipi ulikimbia kama uliobebwa na kolekole. Kibao kilimruka mkononi, akapiga kelele "Baba! Umekula! Umekula!" na kabla hajamaliza nikasikia kitu kimegonga ndani ya mashine. Nikaizima, nikaifungua: sponji ile, mshipi umeganda nayo, pamoja na mguu mmoja wa mende. Kona mbili za zege zilizomshinda fundi na springi yake zilipitwa kabla hujatamka bismillahi. Nilimpigia simu shemeji hapo hapo, si kwa haja yoyote.

Baada ya hapo mshipi ukavuta kamba, kamba ikavuta waya wa dishi. Upake waya sabuni ya maji, usipake mafuta wala grisi, zinaharibu ngozi ya waya. Ncha uifunge tepu iwe nyembamba kama ya penseli, isikwame konani. Mmoja avute, mwingine asukume, na mzungumze. Akivuta wa chini peke yake utasikia waya unakatika kona ya kwanza. Na unapouvuta, vuta na kamba nyingine pamoja nao, uiache humo. Yangu imo, nimeifunga kifundo kila upande.

Kuziba mfereji: loweka jiwe mpaka lishibe. Matumbawe yanafyonza maji ya plasta mara moja, na plasta iliyonyonywa inapasuka. Mimi niliweka waya wa kuku juu ya mfereji, saruji moja kwa mchanga nne, na nikawa nanyunyiza maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Mchanga uwe wa mtoni. Kuna mtu atakuambia mchanga wa ufuoni ni ule ule, na ni bure. Mwache aweke kwake. Chumvi yake itavuta unyevu na rangi itamvimbia.

Braketi ya TV usiitundike kwa skrubu ndogo zinazokuja nayo. Jiwe letu lina sehemu ngumu na sehemu za kumung'unyika, na drili ikipigwa kwa mtindo wa nyundo inapanua tundu hadi nanga, ile ya kushikia skrubu ukutani, inazunguka bure. Zima ile nyundo, toboa kwa kuzungusha tu, tumia nanga ndefu, na chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa upepo wa bahari hapa unakula kila kitu. TV yangu, katikati yake ni kama mita moja na kidogo kutoka chini. Wanaoipandisha karibu na dari wanajua wenyewe shingo zao.

Gharama zote, ukitoa TV yenyewe, hazikufika elfu nane, na kubwa humo ilikuwa ni fundi wa leseni na waya mzuri wa HDMI. Midomo ya paipu nimeiziba kwa sponji iliyobaki, kwa sababu zinazoeleweka. Dikoda iko ndani ya kabati, na rimoti yake haipenyi mbao, kwa hivyo mlango mmoja nimeung'oa ubao nikaweka wavu wa ukindu. Mama watoto anasema sasa ndiyo imependeza. Mashine ya binamu bado sijairudisha. Shemeji ameiomba Jumamosi.