Mboga za majani nazo zina kiasi chake

Huku Nyanda za Juu Kusini mboga si kitu cha kutafuta kwa tochi. Mvua zikianza Novemba mchicha unajiotea wenyewe pembezoni mwa mahindi. Zikikatika, Iringa na Njombe watu wanahamia kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni penye unyevu, na chainizi inaendelea kuteremka sokoni kiangazi kizima. Ni neema, na sitaki mtu asome hapa halafu aache mboga. Bakuli la mboga iliyopikwa mchana na jingine jioni halimdhuru mtu mzima mwenye afya. Shida inaanza pale majani yanapotolewa kwenye sufuria na kufanywa dawa: juisi mbichi kila asubuhi, ya jani lilelile, miezi mfululizo, kwa mtu asiyejua figo zake zikoje wala vidonge anavyomeza vinapatana na nini.

Nianze na juisi ya matembele, maana ndiyo inayonisumbua zaidi. Mama mjamzito anapimwa kliniki, anaambiwa damu imepungua, na kabla hajafika nyumbani ameshaelekezwa asage matembele anywe. Tupige hesabu. Gramu 100 za matembele mabichi zina takribani miligramu 1 ya madini chuma, na madini chuma ya kwenye majani mwili huyafyonza kidogo sana, mara nyingi chini ya sehemu moja ya kumi. Vidonge vya kuongeza damu vya wajawazito huwa na miligramu 30 hadi 60 za madini chuma kwa siku, pamoja na foliki asidi. Hata asage kilo nzima, hajakikaribia kidonge kimoja. Juisi yenyewe si sumu. Ubaya wake ni kwamba mama anaona ameshapata tiba, vidonge vinabaki kabatini, na wiki zinakwenda huku chanzo cha upungufu, pengine malaria au minyoo, hakijaguswa. Ale matembele kama mboga, ayakamulie limau maana vitamini C husaidia madini chuma kufyonzwa, chai aiache hadi saa moja au mbili baada ya chakula, na vidonge ameze kama alivyoelekezwa.

Mchicha na spinachi ni habari nyingine, kwa sababu humo kuna oksaleti, kemikali ya asili ya kwenye majani. Spinachi nyingi ya masoko yetu, ile yenye vikonyo vinene vyeupe, ni ndugu wa bitiruti, na jamii hiyo pamoja na mchicha ndiyo inayoongoza kwa oksaleti. Gramu 100 za spinachi mbichi zinaweza kubeba miligramu 600 hadi 1,000. Sukuma wiki, chainizi na kabichi zina kidogo mno, makumi ya miligramu au chini ya hapo. Kwa hiyo mtu akikwambia "kunywa juisi ya kijani", swali la kwanza ni kijani kipi.

Oksaleti ikishaingia kwenye damu hutolewa na figo. Ikizidi kwenye mkojo, hasa mkojo ukiwa mzito, inaungana na kalsiamu na kutengeneza chembe ngumu. Mawe mengi ya figo ni ya aina hii. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu mwanamke wa miaka 65 ambaye figo zake zilifeli baada ya kunywa juisi za majani yenye oksaleti nyingi kwa nia ya kusafisha mwili. Alikuwa na mambo mawili yaliyomweka hatarini: aliwahi kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, na alikuwa ametumia antibayotiki kwa muda mrefu, ambazo huua bakteria wa utumboni wanaokula oksaleti. Si kila mnywaji wa juisi atafika huko. Lakini aliyewahi kupata jiwe la figo, au mwenye ugonjwa wa utumbo unaozuia mafuta kufyonzwa, asiiguse kabisa juisi ya mchicha mbichi.

Kwenye sufuria mambo ni mepesi. Chemsha maji mengi, tia mchicha uliokatwa, acha dakika tano, kamua, mwaga maji, ndipo ukaange na kitunguu. Sehemu kubwa ya oksaleti inayoyeyuka inaondoka na maji hayo. Vipimo mbalimbali vimeonyesha kati ya asilimia 30 na zaidi ya 80. Kumwaga maji kunapoteza pia vitamini C na foliki, kwa hiyo usifanye hivyo kwa chainizi au sukuma wiki bila sababu. Mlo huo uwe na kitu chenye kalsiamu: mtindi, au usipa wa Kyela, wale samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao. Kalsiamu hukutana na oksaleti utumboni, zinashikana na kutoka na choo kabla hazijafika kwenye figo. Wenye mawe wengi huacha maziwa wakidhani kalsiamu ndiyo adui, na wanajiumiza zaidi. Maji ya kunywa yatoshe kutoa mkojo wa lita 2 au zaidi kwa siku. Juni na Julai, baridi ya Makete na Njombe inaondoa kiu kabisa, kwa hiyo usisubiri kiu.

Wanaotumia warfarini wanisome kwa makini hapa. Dawa hii huzuia damu kuganda kwa kupunguza kazi ya vitamini K, na majani ya kijani kibichi yamejaa vitamini K: gramu 100 za spinachi iliyopikwa zina mikrogramu zaidi ya 300, wakati mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni 90 hadi 120. Ukiongeza mboga ghafla, dawa inazidiwa nguvu na damu inaweza kuganda. Ukiacha mboga ghafla, INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, inapanda na unaweza kuvuja damu. Wengi huambiwa "usile mboga", na huo ni ushauri mbaya. Kinachotakiwa ni kiasi kisichobadilika wiki hadi wiki, dawa ipangwe kufuata chakula chako. Sasa fikiria kwetu: Januari mboga iko kila kona na unakula mara mbili kwa siku, Septemba, asiye na kinyungu anakula maharage siku tatu mfululizo. Msimu unapogeuka ndipo kipimo cha INR kirudiwe, hata kama tarehe ya kliniki bado. Dawa mpya kama rivaroxaban hazina ugomvi huu na mboga.

Kabichi, chainizi, figiri na sukuma wiki zina viambata vinavyoweza kuizuia tezi ya shingo kupata au kutumia madini joto. Mwaka 2010 iliripotiwa habari ya bibi wa miaka 88 aliyekuwa akila kilo 1 hadi 1.5 za chainizi mbichi kila siku kwa miezi kadhaa, akafikishwa hospitali akiwa mahututi kwa tezi iliyodorora. Kiasi hicho hakuna anayekila kwa ugali, na kupika huua kimeng'enya kinachozalisha sehemu kubwa ya viambata hivyo. Hata hivyo nyanda hizi zilikuwa na rovu nyingi kabla ya chumvi kuwekwa madini joto, kwa sababu mvua huosha madini joto kwenye ardhi ya milimani. Tumia chumvi ya pakiti yenye madini joto, ifunike vizuri, na itie mboga ikikaribia kuiva. Chumvi ya mawe ya kupima isiyo na madini joto haitakukinga.

Watoto wadogo wana tatizo la ujazo. Mboga iliyochemshwa ina takribani kilokalori 25 kwa gramu 100, na tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Akishiba uji mwepesi na mboga ya maji, ameshiba bila nguvu. Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, katika mkoa unaovuna chakula kingi. Sababu ni nyingi, lakini sahani ya mtoto ni mojawapo. Mpe vijiko viwili au vitatu vya mboga iliyosagwa, utie mafuta kijiko cha chai, na karanga za kusaga, yai au dagaa. Mafuta ndiyo yanayomwezesha kufyonza vitamini A ya majani hayo.

Mwenye figo zilizochoka, au anayetumia spironolaktoni, dawa ya moyo na presha, aulize daktari kiwango chake cha potasiamu kabla ya kuongeza mboga. Potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Kisamvu kitwangwe kilainike na kuchemshwa bila kifuniko mpaka kiive kabisa, maana majani mabichi ya muhogo hutoa sumu ya sianidi. Kukisaga mbichi kwenye blenda ni hatari ya moja kwa moja. Na mboga iliyolala mezani usiku kucha usimpe mtoto mchanga: bakteria hugeuza nitrati yake kuwa nitraiti, inayozuia damu kubeba hewa. Ipoe, iwekwe kwenye friji, au ipikwe ya mlo mmoja tu.