Ulanzi wa jioni na usukani wa alfajiri

Mwezi Machi mwaka jana, msimu wa ulanzi ukiwa umepamba moto, nilisimamishwa na askari wa usalama barabarani saa 12 na nusu asubuhi nikitokea Ifunda kuelekea Iringa mjini, nikapewa kipima ulevi nipulize, na kifaa kikaonyesha 88. Nilikuwa nimelala usingizi mzito, nimeoga maji ambayo baridi yake anaijua mtu aliyewahi kuamka Ifunda peke yake, nimekunywa chai ya rangi vikombe viwili, na kichwa hakikuniuma hata kidogo. Askari yule angeniuliza kabla sijapuliza, ningeapa kwamba sina pombe mwilini, wala nisingejiona kuwa mwongo.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, imeweka ukomo wa miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Haisemi vikombe vingapi, wala haiulizi uliacha kunywa saa ngapi au unajisikiaje; inauliza kilichomo ndani ya damu wakati umeshika usukani. Nilikuwa naijua namba hiyo kwa miaka mingi, kama tunavyojua mambo mengi ambayo hatujawahi kuyafikiria.

Jioni iliyotangulia tulikuwa kwa baba mdogo, aliyekuwa akimwoza binti yake, na madumu ya ulanzi yalikuwa yameletwa tangu adhuhuri. Kwa msomaji wa mbali, ulanzi ni utomvu wa mwanzi mchanga unaokatwa ncha wakati wa mvua, na mgema hurudi asubuhi na jioni kukwangua upya kidonda hicho ili utomvu uendelee kudondoka. Ukiwa mpya huitwa mtogwa, ni mtamu na wengine huwapa hata watoto. Ukikaa, chachu iliyomo huila sukari na kuigeuza kuwa kilevi, hadi unakuwa mkangafu, ambao hauna mzaha. Hapo ndipo nilipojidanganya. Nilikuwa mwangalifu kiasi cha kuhesabu vikombe, na hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa, ila nilichokuwa nakihesabu kilikuwa kinabadilika ndani ya dumu huku sherehe ikiendelea, tena baada ya saa 2 usiku watu walianza kuchanganya dumu la siku ile na la juzi yake ili kuongeza ladha. Kikombe cha kwanza na kikombe cha mwisho havikuwa kinywaji kimoja. Niliweka kikombe chini saa 5 usiku, nikaamka saa 11 alfajiri.

Bia angalau ina maandishi kwenye chupa, kwa hiyo mtu anaweza kupiga hesabu. Chupa ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kilevi halisi. Kwa njia ya kukokotoa iliyobuniwa na Mswidi Erik Widmark, ambayo wataalamu wanaitumia hadi leo, gramu hizo humpandisha mwanamume wa kilo 70 kwa miligramu 40 hivi katika kila mililita 100 za damu, na hivyo chupa mbili zilizonywewa harakaharaka zinatosha kumfikisha ukomoni. Mwanamke wa kilo 60 hupanda karibu miligramu 60 kwa chupa moja tu, kwa kuwa sehemu ya maji katika mwili wake kwa kawaida ni ndogo zaidi. Ini nalo huondoa kilevi kwa mwendo wake wenyewe, kama miligramu 15 kwa saa, kwa wengine pungufu kidogo na kwa wengine zaidi. Sasa mchukue mwanamume huyohuyo, aanze saa 2 usiku na kumaliza chupa ya sita saa 6: atakapowasha gari saa 11 alfajiri, damu yake itakuwa bado na miligramu 105 hivi. Amelala saa tano, amefunga mkanda, anamwomba Mungu amfikishe salama, na kisheria amelewa.

Usingizi hauliharakishi ini. Kahawa humfanya mlevi awe macho, basi. Chakula kikinywewa nacho pombe hupunguza kasi yake ya kuingia katika damu, lakini kilichokwisha kuingia hakiondolewi na ugali wa asubuhi. Wapo wanaotafuna kitunguu au karanga kabla ya kufika kwa trafiki, nao wanamfurahisha tu abiria wa pembeni, kwa sababu kipima ulevi hakinusi kinywa. Kinapima kilevi kinachotoka kwenye damu na kupita mapafuni pamoja na hewa. Na baridi ya Mafinga na Makambako, ambayo imekuwa kisingizio chetu cha miaka yote, haiunguzi pombe. Mtu huhisi joto kwa sababu mishipa ya ngozini imepanuka, ilhali mwili wake unapoteza joto.

Safari iliyokuwa ikinisubiri asubuhi ile ilikuwa ya kushuka Mlima Kitonga hadi Morogoro, nikiwa na shangazi wawili na mtoto mmoja kiti cha nyuma. Anayeufahamu Kitonga anajua kwamba pale mtu anashuka na gia nzito, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande mwingine, nyuma yako semitrela linalonuka breki na mbele yako kona ambayo haikuonyeshi anayepanda. Hata kwenye tambarare, gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kwa sekunde. Dereva akichelewa nusu sekunde tu kukanyaga breki, gari limekwishapita mita 11 kabla breki haijaanza kazi. Nusu sekunde hiyo dereva haihisi. Ndiyo maana sikubaliani na ndugu zangu wanaosema, “Mimi najijua nikishalewa,” kwa kuwa kiungo wanachokitumia kujipima ndicho cha kwanza kuguswa na pombe.

Nilifikishwa mahakamani, nikakiri kosa, nikalipa faini. Kiasi chake sikiandiki hapa kwa sababu mama mkwe wangu ni msomaji. Gari liliendeshwa siku ile na mdogo wangu, Msabato asiyegusa pombe, ambaye hakusema neno lolote kutoka Ipogolo hadi Morogoro, na ningependelea angenitukana.

Tangu hapo nimeacha kabisa kuutazama ukomo wa 80 kama kiwango ninachoruhusiwa kukifikia. Shirika la Afya Duniani linashauri ukomo usiozidi 50 kwa madereva wa kawaida na 20 kwa walio wapya barabarani, na kwa maoni yangu barabara yenye Kitonga na Mlima Nyoka haikustahili kuwa na namba kubwa kuliko hizo. Lakini hata ukomo ungeshushwa kesho, mtu wa ulanzi angebaki na tatizo lilelile la kutojua ndani ya kikombe chake mna nini. Kwa hiyo hesabu nimewaachia wanywaji wa chupa. Nikinywa ulanzi, hata ule unaoitwa mtamu, siendeshi siku hiyo wala asubuhi inayofuata, na funguo hukaa kwa mke wangu tangu kabla dumu halijafunguliwa, maana baada ya kufunguliwa mimi huwa na hoja nzuri sana.

Mwezi uliopita nilialikwa tena Ifunda. Nilipanda kosta, nikateremka kituoni, nikatembea na begi begani hadi kwa baba mdogo, ambaye alikuwa ameketi uwanjani na wazee wenzake.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Kamwene.” Alitazama nyuma yangu, kule njiani. “Gari lako limeharibika?”

“Hapana baba, lipo nyumbani.”

Akanitazama kidogo, akacheka, akamwita mjukuu wake alete kikombe kikubwa.