Huyu Haondoki

Binti yangu aliniwekea programu ya muziki kwenye simu, nayo ikakataa kufunguka mpaka nichague wasanii watatu niwapendao. Nikamgusa Miles Davis wa jazi, nikamgusa Dolly Parton wa kantri, nikamgusa Whitney Houston wa pop. Akaichukua simu, akatazama, akanirudishia.

"Baba, hawa wana undugu gani?"

Ningeweza kumjibu kisomi. Kwamba Julai 1930, huko Hollywood, Louis Armstrong alimpigia tarumbeta Jimmie Rodgers, yule anayeitwa baba wa kantri, na Lil, mkewe Armstrong, akiwa kwenye piano. Kwamba mwaka 1962 Ray Charles alitoa albamu nzima ya nyimbo za kantri. Kwamba Quincy Jones, aliyeitayarisha Thriller ya Michael Jackson, alianza kama mpiga tarumbeta wa jazi. Hizo kuta za jazi, kantri na pop zimewafaa zaidi wauza santuri kuliko wanamuziki. Yote hayo ni kweli, ila mimi hao watatu sikuwapata vitabuni. Niliwapata sebuleni, usiku mmoja, na waliokuwapo nusura wanuniane.

Wazo lilikuwa la mama. Alikuwa amechoka kuamua ugomvi wetu wa redio, akatoa amri: kila mtu alete wimbo mmoja anaoupenda kuliko nyimbo zote, usikilizwe mwanzo hadi mwisho, na asiseme mtu neno. Mjomba akajitoa mapema. Alisema yeye hana wimbo, ana masikio tu.

Nilianza mimi. Kanda yangu niliirekodi kutoka kwenye santuri ya rafiki, kile kipande kinachofungua Kind of Blue, albamu ya Miles Davis, kilichopigwa New York mwezi Machi 1959. Wanaokijua wanakumbuka kinavyoingia: piano ya Bill Evans na besi ya Paul Chambers zinanong'onezana polepole, bila mdundo, kama watu wawili wanaotafuta ufunguo gizani. Kisha besi inauliza, piano inajibu kwa mapigo mawili, inauliza tena, inajibiwa tena, na baadaye tarumbeta na saksafoni nazo zinachukua kujibu. Mimi hayo yote nilikuwa nayavumilia tu. Nilichokuwa nakingoja ni pigo moja: pale Miles anapoanza kupiga peke yake, mpiga ngoma wake, Jimmy Cobb, analigonga toazi lake, mlio unatandaa, na muziki mzima unajikuta umeshasimama na unatembea. Ni dakika moja na nusu hivi kabla ya kufika hapo. Ukiwa peke yako ni kitambo kidogo. Mbele ya watu wanaokutazama, ni ndefu ajabu.

"Nani anaimba?" mama akauliza, akisahau amri yake mwenyewe.

"Hakuna anayeimba, mama."

Kimya kidogo. Kisha Mjomba, kwa upole kabisa: "Na inaanza saa ngapi?"

Walicheka mpaka mdogo wangu akapaliwa, na toazi likapita katikati ya kicheko. Nililisikia mimi peke yangu. Kipande chenyewe kinazidi dakika tisa. Ilipofika ya nne mama akasema kwamba ameshaelewa.

Shangazi akafuata. Wakati ule alikuwa anakaa kwetu, kwa sababu ambazo hazikuzungumzwa mbele ya watoto, nasi watoto tulizijua zote. Akatia kaseti yake ya Dolly Parton, wimbo wa I Will Always Love You, akaketi, akafunga macho. Gitaa laini, waitikiaji kwa mbali, na ile sauti nyembamba inayotetemeka bila kuvunjika. Mdogo wangu alivumilia mistari miwili.

"Huyu ameiba wimbo wa Whitney!"

Inabidi mkumbuke ulikuwa wakati gani. Toleo la Whitney, la ile filamu ya The Bodyguard, lilitoka mwaka 1992 na likakaa kileleni mwa chati ya Billboard kwa wiki 14. Kwa msichana wa umri wake, wimbo ule ulizaliwa siku ile. Shangazi hakufungua macho. Alinyoosha kidole tu, maana yake subiri. Ulikuwa umefika pale ambapo Dolly anaacha kuimba na kuyasema maneno, akimtakia heri anayemwacha, na midomo ya Shangazi ilikuwa inayafuata yote, bila sauti.

Ulipokwisha ndipo vita vikaanza. Karatasi za kaseti zote mbili zikaletwa chini ya taa. Maandishi yalikuwa madogo kama ya kuficha deni, lakini kwenye karatasi ya Whitney, kwa mtunzi, lilisomeka vizuri: Dolly Parton. Shangazi akaeleza kwamba Dolly aliutunga alipoamua kuachana na kipindi cha televisheni cha mwimbaji Porter Wagoner baada ya miaka saba, kumuaga bosi wake bila matusi, na kwamba mwaka 1974 ulikuwa tayari namba moja kwa watu wa kantri.

"Basi kautunga," mdogo wangu akasema. "Lakini hakuuimba."

Akatia yake.

Hapo mwanzo Whitney hana hata chombo kimoja nyuma yake. Ni sauti tupu, inapumua, inasimama inapotaka. Nilimtazama Mjomba: hakuuliza inaanza saa ngapi. Nikaona wivu, sifichi. Wimbo uliokuwa unakawia kuliko wangu, na chumba kizima kimeshika pumzi! Mama aliweka chini alichokuwa anashona. Wimbo ukapanda, saksafoni ikapita, kisha ukafika kule karibu na mwisho ambako kila kitu kinanyamaza, na katika kile kimya ngoma inapigwa mara moja tu, du, na sauti inarudi juu zaidi ya ilipokuwa. Nikaruka kitini. Lilikuwa lile pigo langu! Cobb na toazi lake, mpiga ngoma huyu na ngoma yake. Kazi ileile ya kuwangojesha watu halafu kuwafungulia. Nilitaka kuwaambia. Ningeeleza nini, kwa watu waliocheka wakati wa langu?

Tukamgeukia Shangazi. Mikono ilikuwa imekunjwa kifuani tangu mwanzo.

"Anaimba," akasema. "Mungu kampa. Lakini huyu haondoki."

"Haondoki wapi, Shangazi?"

"Mtu anayeondoka hana nguvu ya kupaza sauti hivyo. Anayeondoka anasema haraka, anachukua mfuko wake, anatoka. Huyu amesimama mlangoni anangoja aitwe arudi."

Mama alimwita jina, taratibu, kama mtu anayemkumbusha kwamba watoto wapo. Mdogo wangu, ambaye hakuwa na breki, akajibu kwamba hiyo ndiyo sababu watu wanampenda Whitney. Shangazi akamwangalia kwa muda, akasema huenda.

Kura haikupigwa. Kanda yangu ilirudi kwenye boksi. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba kumbe hata haikuwa sahihi: siku ile ya 1959 mashine ya kurekodia ilikuwa inazunguka polepole kidogo, kwa hiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza wa santuri zilikuwa zikisikika juu kidogo kuliko zilivyopigwa, na kosa hilo lilirekebishwa mwaka 1992, mwaka uleule wa Whitney. Ninalo toleo lililonyooshwa. Naliheshimu. Nikiwa peke yangu nasikiliza lile bovu.

Kwa muda fulani niliamini Shangazi alisema kweli, kwamba kuna wimbo wa anayeondoka na wimbo wa anayebaki, hata maneno yakiwa mamoja. Siku hizi sina hakika. Shangazi aliondoka kwetu mwaka uliofuata, na kaseti ya Dolly akamwachia mdogo wangu. Mdogo wangu hakuwahi kuipiga, wala hakukubali kunipa.

Mjomba naye bado ana masikio tu. Kila tukikutana ananiuliza kama ule wimbo wangu umeshaanza.